Kupiga Kodi kwa Pamoja au Kuichambua Noti Moja Moja: Ulinganisho kwa Wanaoanza Gitaa na Kinanda Hapa Lamu

Wanafunzi wanaonijia hapa Lamu kujifunza gitaa au kinanda huniuliza swali moja mapema, mara nyingi kabla vidole vyao havijazoea nyuzi: je, waanze kwa kupiga kodi nzima kwa mkupuo mmoja, au wazipige noti zake moja baada ya nyingine, kwa namna ambayo wanamuziki huiita arpejio? Swali hili lina uzito, kwa sababu mkono ukishakaa mwaka mzima katika njia moja hukataa kuiacha, na kwa sababu nyimbo tunazozipenda huku pwani huwa na mwimbaji mbele na chombo nyuma yake, kwa hiyo chochote kitakachofanywa na chombo ama kitamsaidia mwimbaji ama kitamfunika. Nimefundisha njia zote mbili, nami nina upande ninaouegemea, na mahali ambapo upande huo haufai nitapataja.

Kodi, kama wapiga gitaa wanavyoita, ni noti tatu au zaidi ambazo sikio huzipokea kama kitu kimoja. Kodi ya do meja, kwa mfano, imeundwa na do, mi na so. Ukizipiga zote kwa wakati mmoja, umepiga kodi. Ukizipiga do, kisha mi, kisha so, umepiga arpejio, neno la Kiitaliano lililotokana na jina la kinubi, chombo ambacho mpigaji wake hupitisha vidole uzi baada ya uzi. Noti hazikubadilika. Kilichobadilika ni wakati wa kila noti kuingia, na badiliko hilo moja linatosha kuugeuza wimbo. Kati ya njia hizi mbili ipo ya tatu, ambayo vitabu vya muziki huionyesha kwa mstari wa mawimbi uliosimama mbele ya kodi: noti hufuatana upesi sana kutoka chini kwenda juu, kila moja ikiachwa ilie, mpaka zote zinakutana hewani. Njia hiyo ni pambo la mahali pamoja katika wimbo, wala haifai kuwa mwendo wa wimbo mzima, kwa hiyo sitaizungumzia sana. Mimi huiita arpejio kuchambua kodi, kwa kuwa mtu anayechambua mchele kwenye uteo huzipitisha punje chini ya jicho lake kidogo kidogo, na mpigaji naye huzipitisha noti chini ya sikio la msikilizaji vivyo hivyo.

Tuanze na sauti ya mwimbaji, kwa maana hapo ndipo tofauti huonekana haraka. Kodi iliyopigwa kwa pamoja ina nguvu yake yote mwanzoni, kisha hufifia. Ikipigwa juu ya neno, neno hilo hugongwa. Ikipigwa kabla ya neno, huacha nafasi tupu ambayo mwimbaji hulazimika kuijaza mwenyewe. Arpejio hugawa nguvu hiyo katika vipande vidogo, kwa hiyo hakuna kishindo cha kushindana na neno, na wakati huohuo hakuna kimya kinachomwacha mwimbaji peke yake. Kwa mwimbaji mwenye sauti nyembamba, au mtoto, au mzee ambaye pumzi yake imepungua, tofauti hiyo huamua kama maneno yatasikika au hayatasikika. Sisi watu wa Lamu tumelelewa kuyasikiliza maneno. Wimbo ambao beti zake hazikufahamika huhesabiwa kuwa haukuimbwa. Kwa sababu hiyo, mtu akiniambia kwamba lengo lake ni kumsindikiza mwimbaji mmoja sebuleni, mimi humwelekeza kwenye arpejio bila kusita.

Mashairi yetu yenyewe yanaipokea vizuri. Kipande cha utenzi kina mizani minane, na mshororo wa shairi una mizani kumi na sita iliyogawanywa nusu kwa nusu. Arpejio ya noti nane hukaa juu ya kipande cha mizani minane kama mkeka uliosukwa kwa kipimo cha kitanda. Sisemi kwamba kila silabi ipigiwe noti yake, kwa kuwa mghani hurefusha silabi moja na kuikimbiza nyingine kadiri maana inavyomtaka, lakini mzunguko wa nane unapomalizika pamoja na kipande, mwimbaji hujua bila kuambiwa kwamba mahali pa kupumua pamefika. Kwenye gitaa mzunguko huo huweza kupigwa hivi: gumba, shahada, kati, shahada, pete, shahada, kati, shahada. Kwenye kinanda, mkono wa kushoto hupiga do, so, mi, so, kisha hurudia, na hapo nane imetimia. Mtindo huu wa kinanda ulienea Ulaya katika karne ya 18 na hupewa jina la Domenico Alberti, mpiga kinanda wa Venice aliyefariki mwaka 1746, aliyeutumia sana. Faida yake wakati huo ilikuwa kubwa, kwa maana vinanda vya zama zile vilikuwa na sauti iliyokufa upesi, na kuirudia noti moja moja kulikuwa njia ya kuiweka kodi hai. Gitaa la leo lina tabia hiyohiyo: uzi ukishadonolewa huanza kufa papo hapo, na anayecharaza kodi mara moja kwa mapigo manne hubaki na kivuli cha sauti ifikapo pigo la nne.

Ngoma ya harusi ni jambo jingine kabisa. Nyimbo za chakacha huenda kwa mapigo yanayohesabika sita sita, na mtu angeweza kudhani kwamba arpejio ya noti sita ndiyo inayofaa. Kwenye karatasi inafaa. Mbele ya ngoma, vigelegele na upepo wa baharini haifai, na nimelijua hilo kwa kulipitia. Miaka iliyopita niliombwa kupiga gitaa lisilo na umeme katika sherehe iliyofanywa uwanjani karibu na bahari, wakati kusi kinavuma. Nilichambua kodi zangu kwa uangalifu wote nilioujua, na baada ya wimbo wa pili mwimbaji alinigeukia akaniambia, "Kaka, sikusikii, nipe kitu nishike." Nikaanza kucharaza nyuzi zote kwa pamoja, juu na chini, naye akapata pa kusimama. Noti moja ya gitaa ni sauti ndogo. Nyuzi tano au sita zikipigwa kwa mkupuo huwa kishindo kinachoweza kupenya kelele. Panapochezwa, panapopigwa ngoma, na palipo wazi pasipo ukuta wa kurudisha sauti, piga kodi kwa pamoja.

Ukuta wenyewe unastahili maneno machache. Nyumba za kale za mji wetu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Ukipiga humo, sauti hurudi kwako. Kodi nzito ikipigwa kwa nguvu katika chumba kama hicho hukutana na mwangwi wa ile iliyotangulia, na zikiwa kodi mbili tofauti, zinavurugana. Arpejio ya polepole humo hupata kitu ambacho wapiga kinanda hukitafuta kwa mguu kwenye pedali: chumba chenyewe hushikilia kila noti hadi ya pili ifike, hata kodi inakamilika hewani. Ila mwendo ukiwa wa kasi, hata arpejio hurundikana, kwa hiyo ninaposema chumba cha mawe kinaipenda arpejio, nasema juu ya mwendo wa pole.

Sasa tuvigeukie vyombo, kwa sababu jibu la gitaa si jibu la kinanda.

Kwenye gitaa, kucharaza ndiyo njia nyepesi kwa wiki za kwanza. Mkono wa kulia una kazi moja tu, na makosa ya mkono wa kushoto hufichika: kidole kisichobana vizuri hutoa mlio wa kukwaruza, lakini mlio huo humezwa na nyuzi nyingine nne. Arpejio haifichi kitu. Shika kodi ya do meja kwa kidole cha pete kwenye uzi wa tano (ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa) freti ya tatu, freti zikiwa ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, cha kati kwenye uzi wa nne freti ya pili, na cha shahada kwenye uzi wa pili freti ya kwanza. Kisha mkono wa kulia udonoe uzi wa tano kwa gumba, wa tatu kwa shahada, wa pili kwa kidole cha kati na wa kwanza kwa cha pete. Utasikia do, so, do, mi, na kama kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimelala kidogo hata kikaugusa uzi wa kwanza, ile mi ya mwisho itakuwa bubu na utaijua mara moja. Wanafunzi wengi hukatishwa tamaa na ukweli huu. Mimi huuona kuwa ndiyo sababu kubwa ya kuanza mapema na arpejio, kwa kuwa mtu aliyecharaza mwaka mzima juu ya kodi zilizoshikwa vibaya huja kulazimika kuzijifunza upya, na kujifunza upya ni kuchungu kuliko kujifunza.

Arpejio ina msamaha wake pia, ambao wengi hawauoni. Unapohama kutoka kodi moja kwenda nyingine kwa kucharaza, vidole vyote vinatakiwa kufika kwa wakati mmoja. Unapochambua, kinachotakiwa kufika kwanza ni kidole cha noti ya besi peke yake. Vingine vina nafasi ya kufuata wakati gumba linalia. Kwa mkono mdogo wa mtoto nafasi hiyo ni kubwa, na ndiyo inayofanya wimbo usikatike katikati.

Kwenye kinanda mambo hupinduka. Hapo kupiga kodi kwa pamoja hakufichi makosa sana, na ni shule nzuri ya kujua kodi zinavyokaa jirani. Weka gumba kwenye do, kidole cha kati kwenye mi na kidole cha mwisho kwenye so, ubonyeze vyote. Kisha usiliondoe gumba, usogeze mi iwe fa na so iwe la, na umefika fa meja. Kutoka hapo shusha do iwe si, fa iwe re na la iwe so, na hiyo ni so meja. Mkono haukusafiri hata shubiri. Mwanafunzi akiyajua hayo kwa kodi za pamoja, ndipo ninapomwambia azichambue, kwa sababu arpejio ya kinanda ikitoka kwenye oktava moja (umbali wa kutoka do hadi do inayofuata) kuingia ya pili inadai jambo gumu: gumba lipite chini ya vidole. Kwa mkono wa kulia, gumba hupiga do, shahada hupiga mi, kati hupiga so, kisha gumba huteleza chini yake kuipata do ya juu bila kiwiko kuruka na bila noti hiyo kusikika kwa nguvu kuliko zilizoitangulia. Hilo huchukua miezi, na nisingependa mtu alianze siku ya kwanza. Kwa kifupi, mpiga gitaa ninamhimiza achambue mapema, na mpapasa kinanda ninamwambia angoje.

Pana mahali pamoja kwenye kinanda ambapo arpejio inashinda tangu siku ya kwanza, nako ni upande wa kushoto, kwenye noti nene. Do ya katikati ya kinanda hutetemeka takriban mara 262 kwa sekunde, mi yake 330 na so yake 392. Zina nafasi ya kutosha kati yao, na sikio huzipokea vizuri zikilia pamoja. Shuka oktava mbili, na noti hizohizo huwa takriban 65, 82 na 98. Zimesongamana, tofauti ya moja na nyingine ni mitetemo kumi na saba au kumi na sita tu, na zikipigwa kwa pamoja hutoa mngurumo ambao hakuna anayeweza kuitambua kodi ndani yake. Zipige moja moja, kila moja husikika kwa jina lake. Mara nyingi nikisikia mtu akilalamika kwamba kinanda chake "kinaunguruma," huwa tatizo si kinanda, ni mkono wa kushoto unaokandamiza kodi nzima mahali ambapo palihitaji noti moja kwa wakati mmoja. Hali kadhalika, mkono usioweza kutanuka kupita oktava moja unaweza kuzifikia noti zilizo mbali zaidi kwa kuzichambua, jambo lisilowezekana kwa mkupuo.

Vinanda vingi vya umeme vina kitufe kinachochambua kodi kwa niaba ya mpigaji: unabonyeza do, mi na so, na mashine huzizungusha kwenda juu, kushuka, au kupanda na kushuka, kwa kasi uliyoipanga. Ni chombo cha heshima katika muziki wa dansi, ambako mwendo haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, na katika kazi hiyo hakuna mkono wa binadamu utakaoishinda kwa usawa. Kwa kumsindikiza mghani siipendekezi hata kidogo. Mashine haimngoji mtu. Mwimbaji anaporefusha neno kwa sababu limemgusa, mashine huendelea na mzunguko wake, na matokeo yake mwimbaji hugeuka kuwa mtumwa wa mzunguko huo. Mtu anayetaka kujifunza asiutegemee, kwa kuwa vidole vyake havitajifunza lolote.

Na udi je? Swali hili huulizwa na wale waliokulia katika taarabu, na hapa Lamu hatuwezi kulikwepa, kwa kuwa huku ndiko alikozaliwa Zein l'Abdin, aliyeupiga udi huku akiimba hata jina lake likajulikana mbali na pwani hii. Udi hauna freti, na muziki wake haukujengwa juu ya kodi. Umejengwa juu ya lahani inayotembea ndani ya maqamu, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu. Mpiga udi huzipita noti moja moja kwa risha, kile kipande cha kudonolea nyuzi, na kwa mtu wa gitaa mwendo huo unaweza kufanana na arpejio, lakini ni kitu kingine. Arpejio huruka kutoka noti ya kodi kwenda noti ya kodi, ilhali lahani ya udi hupita pia kwenye noti za katikati na kuzikalia. Isitoshe, katika maqamu ya Rast noti ya tatu haipo kwenye kinanda cha kawaida: iko kati ya mi na mi iliyoshushwa nusu. Ukiisindikiza Rast kwa kodi ya do meja iliyopigwa kwa mkupuo, mi ya kinanda itagombana na ya mwimbaji, na mgongano huo utasikika kila unapobonyeza. Ukiichambua, ugomvi hupungua kwa kuwa mi hupita upesi, na unaweza hata kuiacha kabisa ukabaki na do na so. Hicho ndicho ninachokifanya. Katika Nahawandi au Ajamu, ambazo noti zake zinapatikana kwenye kinanda cha kawaida, hakuna shida hiyo, na uchaguzi wa kodi au arpejio unarudi kuwa ule wa chumba na mwimbaji. Vipo pia vinanda vyenye kitufe cha kushusha noti kwa robo toni, na anayepiga taarabu kwa dhati akipata uwezo akitafute cha namna hiyo.

Kasida za maulidi, zinazosomwa kwa matwari na nai, siziingizi katika ulinganisho huu. Zimetimia zenyewe, na sijawahi kuona haja ya kodi ndani yake kwa njia yoyote ile.

Limebaki suala la nyuzi, ambalo linaonekana dogo na kwetu si dogo. Hewa ya chumvi hula chuma. Nyuzi za chuma zilizopata kutu hupoteza mwanga wa sauti yake kwanza katika noti moja moja; anayecharaza hatagundua kwa wiki kadhaa, anayechambua atagundua siku hiyohiyo, na vidole vyake vitamuuma kwa ukwaruzo. Anayekusudia arpejio atafute gitaa la nyuzi za naironi. Tatu nyembamba hazishiki kutu, na zile tatu nene, ambazo zimezungushiwa waya juu, zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Shingo ya gitaa la namna hiyo ni pana, nyuzi zake zimeachana zaidi, na vidole vya mkono wa kulia hupata pa kupita bila kugusana. Anayekusudia kucharaza kwenye shughuli za nje achukue nyuzi za chuma, ambazo sauti yake hufika mbali, akijua kwamba atazibadilisha mara nyingi kuliko mtu wa bara.

Wiki iliyopita alinijia mama mmoja wa Langoni na watoto wawili, kaka na dada. Msichana anaghani tenzi, na anataka kujisindikiza mwenyewe. Mvulana anataka kupiga kwenye harusi na wenzake. Yule msichana nilimpa gitaa la naironi na mzunguko wa noti nane, kwa mapigo sitini kwa dakika, noti mbili kwa kila pigo, asiongeze kasi mpaka noti zote nane zilingane kwa nguvu. Kaka yake nilimpa kodi tatu za kucharaza, do, fa na so, nikamwambia kwamba kila ijumaa jioni atakaa na dada yake robo saa, amwangalie vidole, naye azidonoe kodi zake tatu polepole mbele yake, ili dada amwambie ni uzi upi haulii.